Kwa nini dirisha linaganda: historia ya kompyuta kujifunza kujibu ikiwa kazini

Safari hii zamu ya historia ni yangu. Wengine hapa wameandika juu ya vita, mipaka na muziki. Mimi naleta historia ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu amekutana nacho: umebonyeza kitufe kwenye programu, dirisha limekuwa jeupe, kuna duara linazunguka, na ukibonyeza tena hakuna kinachojibu. Tunasema imeganda, au imestaki.

Utasema hiyo siyo historia, ni ubovu wa mashine tu. Hapana. Mara nyingi mashine ni nzima kabisa. Kuganda kwa dirisha kunatokana na maamuzi ambayo watu waliyafanya miaka mingi iliyopita, wakiwa na sababu zao, na tangu hapo wengine wamehangaika kuyarekebisha. Na sisi tunaoishi mahali ambapo jina lako liko ndani ya kompyuta ya mtu mwingine, hili jambo siyo la mafundi peke yao.

ZAMANI HAKUNA ALIYETEGEMEA JIBU

Miaka ya 1950 kompyuta ilijaza chumba kizima. Wewe mwenye kazi hukuigusa. Ulitoboa kadi, ukazikabidhi kwa mhudumu, ukaondoka. Jibu ulilifuata baada ya masaa, au kesho yake, likiwa limechapwa kwenye karatasi. Kosa moja kwenye kadi, unaanza upya. Kwa hiyo swali la "mbona hainijibu?" halikuwepo, maana hakuna aliyekaa mbele ya mashine akisubiri.

Mabadiliko yalianza pale watu walipopata nafasi ya kukaa mbele yake. Mwaka 1961, chuo cha MIT huko Marekani kilionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Watu kadhaa walitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu na taipureta yake. Mashine ilimpa mmoja kipande kidogo cha muda, ikamnyang'anya, ikampa wa pili, halafu wa tatu. Ilizunguka haraka hadi kila mtu akaona kama ni yake peke yake. Shikeni hilo neno "ikamnyang'anya", tutarudi kwake.

Mwaka 1963, hapo hapo MIT, Ivan Sutherland alitengeneza programu ya Sketchpad. Unachora kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga na mchoro unafuata mkono wako. Tarehe 9 Desemba 1968, Douglas Engelbart akasimama mbele ya wataalamu mjini San Francisco na kuwaonyesha kipanya, madirisha, na maandishi yanayobadilika hapo hapo.

Mwaka huo huo wa 1968, Robert Miller wa kampuni ya IBM aliandika juu ya muda ambao binadamu anaweza kuvumilia kusubiri mashine. Baadaye, mwaka 1993, Jakob Nielsen aliyaweka mawazo ya namna hiyo katika vipimo vitatu ambavyo watu wa programu wanavitumia mpaka leo. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, unaona kama wewe mwenyewe ndiye uliyesogeza kitu. Likija ndani ya sekunde 1, unaona limechelewa lakini wazo lako halijakatika. Likipita sekunde 10, akili inakwenda kwingine. Unaanza kuongea na jirani, au unaanza kubonyeza ovyo.

KARANI MMOJA DIRISHANI

Mwaka 1973 watafiti wa Xerox huko Palo Alto, California, walijenga kompyuta iliyoitwa Alto, yenye kipanya na picha kwenye skrini. Haikuuzwa madukani. Kompyuta ya aina hiyo iliyowafikia watu wengi ni Macintosh ya kampuni ya Apple, iliyotoka tarehe 24 Januari 1984 kwa bei ya dola 2,495. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128. Picha moja tu ya simu yako ya leo haingii humo.

Hapo ndipo yalipofanyika maamuzi ninayoyasema. Programu yenye madirisha na vitufe ilijengwa kama ofisi yenye karani mmoja. Karani anaita "anayefuata!", anasikiliza, anahudumia, anaita tena. Anayefuata anaweza kuwa kubonyezwa kwa kipanya, herufi ya kibodi, au ombi la kuchora upya dirisha lililokuwa limefunikwa. Vyote vinapanga foleni moja, karani anavichukua kimoja kimoja. Mzunguko ni huo tu, na ni mzuri kwa sababu ni rahisi, na mashine ya kilobaiti 128 isingeweza kubeba zaidi.

Sasa aje mtu mwenye shida inayotaka faili litafutwe stoo. Karani anaondoka kwenda stoo mwenyewe, na dirishani hakuna mtu. Foleni inakua, watu wanagonga kioo, hakuna wa kuwaambia hata "subirini kidogo". Karani siyo mvivu jamani! Huko stoo anatoka jasho. Shida ni kwamba anayejibu watu na anayebeba mizigo ni mtu mmoja.

Ndiyo maana dirisha linakuwa jeupe: wa kulichora upya ni karani yule yule. Na ndiyo maana mshale wa kipanya unaendelea kutembea huku kila kitu kingine kimekufa: ule mshale unasogezwa na mkono mwingine, ulio chini ya programu.

Dawa ya kwanza ilikuwa adabu tu. Kwenye Macintosh ya mwanzo, mchoraji Susan Kare alichora mshale wenye sura ya saa ya mkononi, maana yake "nipo kazini, ngoja". Windows wao walitumia saa ya mchanga. Lakini saa ile haikuharakisha kazi. Ilikuwa kibao kilichoandikwa "narudi sasa hivi" na kutundikwa kwenye dirisha la ofisi.

VIBONYEZO HAVIPOTEI

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo historia hii inapowagusa watu wetu.

Programu ikiganda na wewe ukabonyeza kitufe mara 3, watu wengi wanadhani mibonyezo ile imekwenda na maji. Haikwenda. Imepanga foleni. Karani akirudi kutoka stoo anaikuta, na anaihudumia yote, mmoja baada ya mwingine, bila kuuliza.

Niliwahi kusaidia kwenye zoezi la kuandikisha familia, shirika sitalitaja. Programu waliyotumia ilikuwa inahifadhi taarifa kwenye diski ya nje iliyokuwa nzito, na kila ukibonyeza kuhifadhi dirisha liliganda kama nusu dakika. Haikusema chochote, hata saa ya mchanga haikuwepo. Jua kali, foleni ndefu, akina mama wana watoto mgongoni. Mwandishi aliyekuwa mezani akabonyeza tena, na tena. Dirisha liliporudi, familia ya mama mmoja ilikuwa imeingia mara 3.

Siku zile hakuna aliyeona. Iligunduliwa baadaye, na aliyeitwa kujieleza ni yule mama. Aliulizwa kwa nini amejiandikisha mara 3, nani alimsaidia, alitaka kadi ngapi. Mama wa watu hajawahi kushika kipanya. Ilichukua wiki nzima mpaka mtu mmoja mwenye busara alipolinganisha saa zilizoandikwa: rekodi zote 3 zilipishana kwa muda mfupi mno, hakuna binadamu anayejaza fomu upya kwa kasi hiyo. Wakamwachia.

Dawa ya kosa lile ni fupi: kitufe kikibonyezwa mara ya kwanza, kizimwe, na kisiwashwe tena mpaka kazi iishe na mibonyezo iliyopanga foleni iwe imeshapita. Mistari michache ingetosha kumwokolea yule mama wiki nzima.

USHIRIKIANO WA LAZIMA

Turudi kwenye historia. Watu walipoanza kutaka programu mbili au tatu kwa pamoja, kampuni zilichagua njia ya ushirikiano. Windows 3.0 iliyotoka mwaka 1990 ilifanya kazi hivyo, na Macintosh pia kuanzia mwaka 1987. Kila programu ilitakiwa kuwa na ustaarabu: fanya kazi yako kidogo, halafu kwa hiari yako mpishe mwenzako. Hakukuwa na wa kukulazimisha.

Mnaishi kambini, mnajua bomba la maji moja la watu wengi likoje. Kama kila mtu anajaza dumu moja na kusogea, maji yanawatosha wote. Akija mmoja na madumu 15 na akagoma kusogea, mtaa mzima unasimama. Ndivyo ilivyokuwa. Programu moja yenye hesabu ndefu iliyosahau kupisha ilisimamisha kompyuta yote, na kilichobaki ni kuzima mashine na kupoteza kazi zote ambazo hazijahifadhiwa.

Waandishi wa programu wa wakati ule walijifunza ujanja wa kukata kazi vipande. Badala ya kupanga majina 10,000 kwa mkupuo, panga 100, rudi dirishani uangalie kama kuna mtu, panga 100 mengine. Njia hii inachosha kuandika, lakini inafanya kazi mpaka leo.

KUNYANG'ANYA MUDA

Ile njia ya MIT ya mwaka 1961, ya mashine kumnyang'anya mtu muda bila kumwomba, haikusahaulika. Unix iliitumia kwenye kompyuta kubwa tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Kwenye kompyuta za nyumbani, Amiga ya mwaka 1985 ilikuwa nayo. Microsoft waliileta kwenye Windows NT mwaka 1993, halafu kwa umma mkubwa kwenye Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995. Apple walichelewa: ilifika kwa watumiaji wao wa kawaida na Mac OS X, mwezi Machi 2001.

Lakini kuna kisa kimoja cha katikati ambacho nakipenda kwa sababu kinafundisha. Mwaka 1987 IBM na Microsoft walitoa mfumo wa OS/2. Ndani yake ulikuwa na nguvu ya kunyang'anya muda, wa kisasa kabisa. Ila walipouwekea madirisha mwaka uliofuata, mibonyezo yote ya kipanya na kibodi ya programu zote waliipitisha kwenye foleni moja. Programu moja ikikataa kuchukua kilicho chake mbele ya foleni, walio nyuma hawafikiwi. Yaani huko ndani kazi zinaendelea vizuri, lakini wewe uliyekaa mbele ya skrini unaona kila kitu kimekufa. Mtumiaji haoni injini. Anaona dirisha.

Hata Windows 95 haikupona kabisa. Programu za zamani zilizoandikwa kwa ajili ya Windows 3 ziliendelea kufuata ushirikiano wa kale ndani yake, na moja ikiganda iliweza kuziburuta nyingine.

BASI KWA NINI BADO INAGANDA?

Swali zuri. Leo programu moja ikiganda, nyingine zinaendelea. Lakini yenyewe bado inaganda, kwa sababu ndani yake bado kuna karani mmoja.

Mifumo mipya iliruhusu programu kuwa na wafanyakazi kadhaa ndani yake. Waandishi wa programu wanawaita thredi, yaani nyuzi, kwa kuwa kila mmoja ni uzi wa kazi unaokwenda peke yake. Basi kwa nini wote wasihudumie dirisha?

Watu walijaribu, na wengi waligonga ukuta ule ule. Fikiria stoo yenye daftari moja na ufunguo mmoja. Mfanyakazi wa kwanza ameshika daftari, anasubiri ufunguo. Wa pili ameshika ufunguo, anasubiri daftari. Kila mmoja ana haki, na hakuna atakayesogea mpaka mwisho wa dunia. Kwenye programu za madirisha ajali hii inatokea kirahisi, kwa sababu amri zinatoka pande mbili: mbonyezo wa mtumiaji unatoka chini kwenye mashine kupanda kwenye programu, na amri ya kuchora inatoka kwenye programu kushuka kwenye mashine. Zinakutana katikati, kila moja imeshika kufuli ambalo mwenzake anataka.

Mfumo wa BeOS wa miaka ya 1990 ulithubutu kumpa kila dirisha uzi wake. Ulisifiwa kwa wepesi, lakini waandishi wa programu ilibidi wawe waangalifu mno. Java walichagua njia nyingine. Vifaa vyao vya madirisha vinavyoitwa Swing, vilivyokuja na Java ya mwaka 1998, viliweka sheria ya wazi: uzi mmoja tu ndio unaruhusiwa kugusa skrini. Mwaka 2004, Graham Hamilton, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Java huko Sun, aliandika waziwazi kwamba madirisha yanayohudumiwa na nyuzi nyingi ni ndoto iliyoshindikana, labda kwa wachache wenye ujuzi mkubwa sana.

Kwa hiyo dunia ya programu ilikubaliana na karani mmoja. Lakini ikaweka sharti: karani asiende stoo.

KARANI NA MSAIDIZI

Sharti hilo ndilo linaloendesha simu na kompyuta zenu leo. Karani akipata kazi nzito, anamwita msaidizi, anampa karatasi ya maelekezo, na yeye anabaki dirishani. Msaidizi akimaliza hakimbilii dirishani kuongea na watu. Anaweka jibu kwenye foleni, na karani analichukua zamu yake ikifika. Skrini inaguswa na karani peke yake.

Java walitoa kifaa rasmi cha kurahisisha hilo, SwingWorker, kwenye toleo la mwaka 2006. Lugha ya C# ikaongeza mwaka 2012 namna ya kuandika "subiri hili bila kumzuia karani" kama sentensi ya kawaida, na lugha nyingine nyingi zina namna kama hiyo. Android waliweka fimbo kabisa: programu ikikaa sekunde 5 bila kujibu mguso wako, mfumo unakuuliza kama unataka kuifunga. Na tangu Android 3.0 ya mwaka 2011, programu inayojaribu kutafuta mtandao kwa kutumia karani wake mkuu inaangushwa hapo hapo. Windows nayo huhesabu sekunde 5, halafu inaandika juu ya dirisha kwamba programu haijibu.

Kwa wale mnaojifunza Python kwenye kituo cha vijana, jaribuni wenyewe. Tengenezeni dirisha dogo kwa Tkinter, lenye kitufe kimoja. Ndani ya kazi ya kitufe wekeni amri ya kulala sekunde 10. Bonyezeni, mtaona dirisha linavyokufa. Kisha ile kazi ihamishieni kwenye uzi wa pili. Uzi huo uweke jibu kwenye foleni, na dirisha lenyewe liangalie foleni kila milisekunde 100 kwa kutumia amri ya after. Bonyezeni tena. Kazi ni ile ile, sekunde ni zile zile 10, lakini dirisha liko hai.

MSTARI UNAOJAA

Kuna kipande cha mwisho. Mwaka 1985 Brad Myers, akiwa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, alichapisha utafiti juu ya ule mstari unaojaa taratibu kuonyesha kazi imefika asilimia ngapi. Aliona kwamba watu wanapendelea kuwa nao. Mstari hauharakishi chochote. Unamwambia tu mtu kwamba kazi inaendelea, imefika wapi, na kama ana muda wa kwenda kuchota maji akarudi.

Mstari pia unaweza kudanganya. Wote tumeona unaokimbia mpaka 99 na kukaa hapo robo saa. Mara nyingi mwandishi wa programu alihesabu mafaili badala ya ukubwa wake, na faili kubwa lilikuwa la mwisho. Mstari wa namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa mstari, kwa sababu safari nyingine hata ukisema kweli hautaaminiwa. Kama hujui kazi itachukua muda gani, bora useme "nimefika jina la 340" kuliko kubuni asilimia. Na weka kitufe cha kuacha. Betri ya sola ikianza kulia, mtu anatakiwa aweze kusimamisha kazi kwa usalama, siyo kuchomoa waya na kuharibu faili.

Hilo nawaambia pia ndugu wa mashirika, kwa heshima. Sisi tumezoea kusubiri, wengine wamesubiri jibu la faili lao tangu hawajaota ndevu. Kinachochosha zaidi ya muda ni dirisha jeupe: huambiwi kama ombi lako limepokelewa, limefika meza gani, au kama ukienda kuuliza mara ya pili utahesabiwa umeomba mara 2. Watu wa kompyuta walihitaji zaidi ya miaka 40 kukubali kwamba kufanya kazi kwa bidii stoo hakutoshi kama dirishani hakuna wa kujibu. Ofisi hazina sababu ya kuchukua muda huo huo.

Na wewe mdogo wangu unayeandika programu yako ya kwanza, labda ya maktaba ya kituo au ya kuhesabu mipira ya timu, anza na mambo matatu: zima kitufe kikishabonyezwa, mpeleke msaidizi stoo, na mwambie mtu umefika wapi. Nani ana programu inayoganda tuiangalie pamoja Jumamosi? Aje na laptopu yake, na betri iwe imejaa.